Isipokuwa Pale Ambapo

Kitabu cha kanuni za nyaya nakisoma mwezi wa tano sasa
kwa taa ya sola,
maana chumba changu hapa Oli hakijaingizwa umeme.
Cheka tu. Mwenye nyumba naye alicheka.

Kifungu cha kumi na saba chasema:
kila chuma kilicho wazi sharti kiunganishwe na ardhi,
isipokuwa pale ambapo kifungu cha thelathini na moja
kimeelekeza vinginevyo.
Nikaenda cha thelathini na moja.
Huko nikaambiwa: angalia jedwali la nne.
Jedwali la nne lilifungiwa chapati
mwaka ule mjomba Aniku, mwenye kitabu, alipokuwa na njaa.

Si kitabu cha kufundisha.
Ni mazungumzo ya watu wanaojuana,
kama mume na mke wa miaka arobaini
wanaogombana kwa nusu sentensi
na mgeni kakaa katikati, kashika kikombe.
Hakisemi kwa nini.
Hakisemi ngazi ikiyumba koleo uliweke wapi,
wala panya wa darini wanapenda waya wa rangi gani.
Kinasema lazima, kinasema inafaa,
na kati ya lazima na inafaa,
fundi Ezaruku anasema, kuna mahakama.

Nimekariri hata hivyo. Nakariri nikipita sokoni,
unene wa waya, urefu wa nguzo, umbali wa soketi na bomba,
mpaka Drateru muuza mihogo akaniuliza
nimeokoka lini.

Jumamosi tuliitwa Onduparaka,
mashine ya kusaga ya Mama Candiru.
Mvua ilikuwa imelala humo ndani usiku kucha.
"Inauma," alisema, "lakini si sana. Mwaka wa tatu."
Naye ana kanuni zake, hazijazi ganda la kiberiti:
mvua ikinyesha vaa ndala,
mtoto asiguse,
swichi iwashwe kwa mwiko.
Mwiko wenyewe, wa kusongea ugali, unaning'inia ukutani,
mpini mweusi, na mimi nikasimama nikiutazama,
mwiko wa mti, mwiko wa kukatazwa,
neno moja limebeba kifungu kizima
bila isipokuwa.

Ezaruku akagusisha tesa kwenye mwili wa mashine.
Ikawaka kama jicho la paka.
Tukazima kila kitu, nikaufuata waya wa kijani na manjano.
Umefungwa vizuri, skrubu imekazwa,
rangi sahihi, unene sahihi, kitabu kingeupigia saluti.
Uliingia ukutani kwa heshima zote
na upande wa pili wa ukuta hapakuwa na kitu.
Aliyeufunga alikisoma cha kumi na saba
kama nilivyokisoma mimi:
kiunganishwe. Akaunganisha.
Ardhi aliiona ni neno tu.

Tulichimba. Chini ya udongo mwekundu kuna changarawe,
nguzo ya shaba ikagoma, tukahamia upande wa migomba
yanakomwagwa maji ya vyombo na udongo haukauki.
Hilo nalo haliko kitabuni, au liko
kwenye jedwali lililoliwa.

Jioni mashine ilinguruma. Nikaweka kiganja.
Baridi. Chuma tu.
Mama Candiru alikitazama kiganja changu kwa muda,
akanishukuru, akahesabu pesa mara mbili,
na zamu yake ya kuizima ilipofika
akaenda akachukua mwiko.

Alhamisi ni mtihani.
Swali la kwanza, wanasema waliotangulia,
huwa ni jedwali la nne.